Kadi ya Picha na Mlima Usiogeuka

Mlima mdogo kuliko yote niliyowahi kuona ulikuwa na upana wa kiganja changu. Ulikuwa wa mistari ya kijani, ukielea katikati ya kioo cheusi cha kompyuta dukani kwangu mjini Moshi. Nje ya dirisha, ule mwingine, ule wa kweli, ulikuwa umejifunika kama kawaida yake ya Juni, na manyunyu yalikuwa yanashuka taratibu, kama yanatafuta mahali pa kukaa. Kwa hiyo mchana ule, katika mji mzima, Kibo kilionekana mahali pamoja tu, na pahali penyewe ni kwangu. Nilifikiria kutoza kiingilio.

Mdogo wangu wa kike ndiye aliyeuchora. Alikuwa ametoka chuo cha ufundi, na kwa wiki tatu alipanda na kushuka miteremko ya kwetu Machame na mashine ya kupimia yenye miguu mitatu, akichungulia, akiandika, akirudi nyumbani na tope hadi magotini. Alikuwa na sababu. Masika ya mwaka ule yaliporomosha ukingo wa korongo, na banio la mfongo wetu, pale maji yanapokingwa yaingie, likaenda na maji. Mfongo ni mfereji wa kienyeji. Unaanzia korongoni huko juu, unazunguka migongo ya mlima, unashuka kwenye vihamba, mashamba yetu ya urithi, na kila nyumba ina zamu yake ya kufungulia. Nililala utotoni nikiusikia nyuma ya nyumba, sauti kama ya mtu anayesimulia jambo refu bila kutaka ujibu. Banio lilipokwenda, sauti ile ilikatika. Upande wa chini, ambako ndiko kwa mama yetu, maji yakawa ya kubeba kichwani. Migomba ilianza kukunja majani, na ng'ombe wa mama alikuwa anakutazama mikononi kila ukiingia, kuona kama umebeba ndoo.

Mdogo wangu alikuwa amepata njia mpya. Mfongo uanzie juu zaidi, uzunguke kilima kwa nyuma, ndipo ushuke kwetu. Aliichora kwenye karatasi akawapelekea wazee. Mzee wa mfongo, yaani yule anayepanga zamu za maji na kuita watu kwenye kuchimba, aliitazama karatasi, akaigeuza, akaitazama tena.

"Huu mstari wako unapanda," alisema.

"Haupandi, meku. Unashuka." Meku ndivyo tunavyomwita mzee kwetu.

"Binti yangu, maji nimeyafuata tangu sijaota ndevu. Hapa yanapanda."

Wengine wakasogea, nao wakaona yanapanda. Wakampa mpaka Jumamosi ya mwisho ya mwezi. Awaonyeshe kwa namna ambayo mtu asiyesoma ramani ataelewa, vinginevyo jambo lilale mpaka mwaka mwingine, kwa sababu kahawa ikianza kuiva hakuna wa kumtoa mtu shambani kwake ashike jembe la wote. Mwaka mwingine ulikuwa mbali. Mama alikuwa na migomba ambayo isingeufikia.

Hapo ndipo kompyuta ilipoingia, na ukisema kompyuta unanitaja mimi.

Nilikuwa nauza zilizotumika. Kabla ya hapo niliuza viatu vya mitumba. Serikali ilipofungua biashara ya nje, kila kilichochakaa Ulaya kilipata njia ya kufika Moshi, nami nikasimama njiani. Kuhesabu mara mbili nilijifunza kwenye mabelo ya viatu, ambako jozi hamsini zinaweza kuwa viatu mia moja vya mguu wa kushoto. Tangu hapo nahesabu kila kitu mara mbili: vifungo vya kibodi, mayai, hata wageni. Mara ya kwanza ni kwa ajili yangu, na ya pili ni kwa ajili ya aliyeniuzia.

Mdogo wangu nilimtafutia mashine Tarakea, kule mpakani, ambako zilikuwa zinavuka kutoka upande wa pili zikiwa bado na vibandiko vya maofisi. Ilikuwa nyembamba, safi, haina kelele. Nilihesabu soketi, nilihesabu skrubu, nilihesabu nafasi za kuongezea kadi, nikazikuta tatu, mara zote mbili. Niliileta Moshi kama mtu aliyeleta bibi harusi.

Akaweka programu yake ya kuchorea, akaita mlima. Mlima ukaja kipande kipande, kama mtu anayejaribu kukumbuka ndoto. Kwanza mgongo mmoja, halafu kimya. Halafu korongo. Halafu Kibo, bila kichwa. Halafu kichwa. Akitaka kuugeuza kidogo, kioo kilifutika na mlima ukaanza kukumbukwa upya. Mimi nilikwenda kununua maandazi kona ya pili, nikapatana, nikarudi, nikakuta ndiyo kwanza bega la pili linaonekana.

"Kwa mwendo huu wazee watalala," alisema mdogo wangu.

"Wazee wanapenda pole pole."

"Dada, wataamka wakute maji bado hayajafika kwenye kona."

Kompyuta za wakati ule, ukiziwasha, kabla ya kufanya lolote zilihesabu memori yake mbele yako, tarakimu zikipanda pembeni ya kioo kama mita ya kituo cha mafuta. Watu wengi walitumia muda huo kuvuta kiti. Mimi nilikuwa natazama. Mashine yangu ya dukani, sanduku la kijivu lenye feni inayokohoa, ilikuwa inafika kilobaiti 131072 na kusimama. Hii mpya, iliyouzwa kwangu kwa memori ileile ya megabaiti mia na ishirini na nane, ikafika 122880 ikasimama. Nikaizima, nikaiwasha. Ilisimama palepale. Nikachukua kikokotoo nikatoa, nikagawa, nikarudia. Megabaiti nane hazipo. Nikaelewa kila kitu, au ndivyo nilivyodhani: mtu amezichomoa, na ndiyo maana mlima unakuja umepungukiwa.

Kesho yake nilikwenda Tarakea na mashine mapajani. Barabara ile ina jambo moja ambalo sijawahi kulizoea. Unapoanza safari, Kibo ndiye anayekutazama. Ukifika Rombo ni Mawenzi, mwenye meno, na Kibo yuko nyuma yake kama mtu aliyeingia ndani kubadili nguo. Ukungu ulikuwa unafunguka na kufunga. Nilisinzia, nikaamka, na kila nilipoamka mlima ulikuwa na sura nyingine. Nilijaribu kuhesabu sura ngapi, nikapotea kwenye ya nne.

Mwuzaji, mwanamume mwembamba mwenye kofia ya sufu iliyoshuka hadi kwenye nyusi, alinitambua kwa mbali.

"Umerudi mapema, dada. Imeungua?"

"Imepungua."

"Imepungua nini?"

"Megabaiti nane."

Alivua kofia, akaivaa tena. "Nimerudishiwa vioo vilivyopasuka. Nimerudishiwa kibodi yenye mchele ndani. Nane sijawahi kurudishiwa."

"Basi leo utazirudisha wewe."

Hakukasirika. Alifungua mfuniko, akageuza mashine ili mwanga wa mlangoni uingie ndani. "Hii picha unayoiona kwenye kioo, nani anaichora?"

Sikujua. Sokoni ukikosa jibu unauliza swali, kwa hiyo nikamwuliza kwa nini hana kiti cha wateja. Akanipa ndoo, akaigeuza, nikakaa.

"Kuna mchoraji humu," alisema, akigusa kibati kidogo cheusi kilichoketi kwenye mazabodi, ule ubao mkubwa unaobeba kila kitu. "Kwenye hii yako amejengewa humuhumu. Hana memori yake. Anachukua kwenye ile kubwa ya mashine. Nane zako hazijaibwa na mtu. Zinaliwa nyumbani."

"Kama kijana ambaye hajapewa kihamba."

"Hasa. Ana miaka arobaini na anakula jikoni kwa mama. Ile yako ya dukani ina kadi ya picha, ndiyo maana inahesabu zote. Yule mchoraji anajitegemea. Ana kibao chake, memori yake, feni yake. Ya nyumbani hagusi."

"Basi niongezee memori, huyu naye ale ashibe."

"Atashiba, hatakimbia. Shida yake kubwa si chakula, ni mlango. Prosesa, ndiye mpiga hesabu wa mashine, anaingia kwenye memori kwa mlango mmoja, na mchoraji anapitia huohuo. Mmoja akipita, mwenzake anangoja. Ukiandika barua hutaona kitu, barua haina haraka. Lakini ukimwambia achore nini, mlima?"

"Mlima."

Alinitazama vizuri. "Mlima gani?"

Nikamwonyesha kwa kidevu. Mawenzi alikuwa ametokeza nusu juu ya mabati ya soko, bluu kama kitu kilichofuliwa mara nyingi.

"Huo haupiti mlangoni," alisema.

Nilikaa kwenye ile ndoo nikiwaza zamu za mfongo. Siku ya maji ya jirani, wewe unakaa na jembe lako ukisikiliza yanapita. Si kwamba maji hayapo. Yapo, ila si yako saa hiyo. Mchoraji wangu alikuwa amekaa hivyo hivyo na jembe mkononi, na mimi nikamwita mvivu.

"Kwa hiyo uliniuzia kitu kibaya," nilisema, maana nilikuwa nimesafiri mbali mno kurudi bila kulaumu.

"Nilikuuzia kitu kizuri cha kuandikia barua. Haina joto, haina kelele, haili umeme, haina cha kuharibika. Uliniambia ni ya kuchora milima?"

"Hukuuliza."

"Na wewe hukusema. Tumekosa wote wawili, kwa hiyo hakuna aliyekosa."

Chini ya meza alikuwa na boksi, na ndani ya boksi, imeviringishwa kwenye gazeti, kulikuwa na kadi ya picha yenye megabaiti thelathini na mbili za kwake mwenyewe na feni ndogo kama saa ya mkononi. Ilitoka, alisema, kwenye ofisi ya wachora ramani. Sikuamini, ila nilipenda. Akaniambia na mabaya yake, jambo ambalo wauzaji wachache hufanya: inakula umeme, inapata moto, na hii feni ikifa kadi nayo inaifuata. Bei aliyotaja niliichukulia kama salamu, nikaijibu kwa salamu. Tulikwenda hivyo mpaka nikainuka na kuondoka. Kwa kawaida huwa wanakuita kwenye hatua ya kumi. Huyu aliniacha nikafika ya kumi na mbili, na kwa hilo nilimheshimu. Nikarudi, nikalipa, nikadai na skrubu ya kuifungia.

Jioni mdogo wangu alifungua mashine nyembamba, akaishika kadi juu ya zile nafasi tatu, akaishusha, akaiinua, akaishusha pengine.

"Dada, ulihesabu nafasi?"

"Mara mbili. Tatu."

"Uliangalia rangi?"

Sikuangalia rangi. Zote tatu zilikuwa nyeupe na ndefu, na kadi ile ilitaka nafasi moja fupi ya kahawia, ambayo mashine hiyo haikuwa nayo wala haikuwahi kuwa nayo. Waliomjengea yule mchoraji humo ndani hawakufikiria kwamba kuna siku atakuja mwingine. Mdogo wangu alikaa na kadi kwenye kiganja, akaipuliza feni yake kwa mdomo ikazunguka, ikasimama, akaipuliza tena.

Ndipo sote wawili tukageuka, kama watu walioitwa na mtu mmoja, tukatazama lile sanduku la kijivu la dukani, linalokohoa, ambalo nilikuwa nalitumia kuandikia watu barua za kuomba kazi.

Lilikuwa na nafasi ya kahawia, imekaliwa na kadi ya kizamani. Tukaitoa, tukaweka hii. Barua za kuomba kazi zikahamia kwenye ile nyembamba, na nitasema ukweli kwa sababu niliufuatilia: wiki nzima hakuna mteja hata mmoja aliyejua. Waliomba kazi vilevile, wakakosa vilevile, na mmoja akasema duka sasa lina utulivu. Ile mashine niliyoitukana njia nzima ya Rombo ilikuwa imezaliwa kwa kazi ile.

Na mlima? Mlima uliteleza. Mdogo wangu alisogeza mausi kidogo, na mistari yote ya kijani ikaenda pamoja, mabonde yakifunguka na kufunga, migongo ikipishana, kama ukungu unavyopita juu ya migomba bila kugusa jani. Mfongo ulikuwa mstari wa bluu ukizunguka kilima. Mvua ilikuwa ndogo, chai ikapoa, feni ikanung'unika, na yeye akawa anaugeuza mlima huku na huku, taratibu, uso wake una kijani. Nilimwona jinsi alivyokaa zamani kando ya mfongo na majani ya mgomba, akiyaachia yaende na maji. Nilijikuta nahesabu makorongo kutoka kulia kwenda kushoto. Yalikuwa saba. Nikayahesabu tena kutoka kushoto kwenda kulia, kisha nikasahau nilikuwa nahesabia nini.

Jumamosi tulipandisha sanduku na kioo kikubwa Machame, kwenye ukumbi wa usharika, tukaviweka juu ya meza ya watoto wa shule ya Jumapili, kwa hiyo wazee wakalazimika kuinama. Baridi ilikuwa ya kuvalia makoti mawili. Tukawasalimu shikamoo mmoja mmoja, nami nikapata hesabu yao humohumo kwenye salamu: ishirini na wawili. Mara ya pili nikapata ishirini na watatu, mmoja alikuwa ameingia. Mzee wa mfongo alikaa mbele kabisa, buti za mpira miguuni, mikono juu ya fimbo.

"Zamani," alisema, kabla hatujawasha, "mwanamke hakanyagi kwenye chanzo cha mfongo. Hapiti hata karibu. Leo mmekibeba mpaka kanisani."

Watu wakacheka, na sikujua kicheko kile kiko upande wa nani.

Mlima ukatokea. Mnong'ono ukapita. Wakaona Kibo juu, korongo, kilima. Mmoja akaonyesha kwa kidole mahali pa shule, mwingine akamwambia atoe kidole, anaziba mto. Mdogo wangu akapata moyo. Akitaka waone ule mteremko wa nyuma ya kilima, akaugeuza mlima, nao ukateleza kama ulivyoteleza dukani, mzuri, bila kukwama mahali, Kibo kikizunguka kulia, kikishuka, mpaka kikafika chini ya kioo, karibu na magoti ya wazee.

Wazee wakanyoosha migongo, mmoja mmoja.

"Kibo kiko wapi sasa?" aliuliza mzee wa mfongo.

"Hiki hapa chini, meku."

"Chini."

"Ndiyo. Nimegeuza."

"Umegeuza nini?"

"Mlima."

"Mlima haugeuki," alisema, si kwa ukali, kama mtu anayemwambia mtoto kwamba moto unaunguza. "Na sasa natazama hapa, maji yako yanatoka kwetu yanaelekea Kibo. Ulisema hayapandi."

Mimi nimezaliwa pale, ningepaswa kujua. Kwetu hatusemi kaskazini wala kusini. Tunasema juu na chini. Juu ni Kibo. Hata ndani ya nyumba mtu atakuambia kikombe kiko upande wa juu wa meza. Watu wale walitoka tumboni wakikuta mlima uko upande mmoja, na hakuna siku uliyohamia upande mwingine. Ile mashine ya polepole isingetuponza, kwa sababu nayo tusingethubutu kugeuza chochote. Ni kadi nzuri iliyotuponza. Ilirahisisha jambo ambalo hakuna mtu ukumbini aliyewahi kulihitaji.

Makoti yakaanza kufungwa vifungo. Mtu alikohoa kile kikohozi cha kuaga. Nikashika birika, nikasimama mlangoni.

"Chai bado," nilisema. "Hakuna anayetoka usharikani bila chai, kuna mvua."

"Mae, tunakwenda," alisema mmoja, akiniita kwa heshima ya mama, na alimaanisha nisogee.

"Nendeni na chai tumboni. Vikombe ni ishirini na vitatu, nimehesabu. Mkiondoka nitarudi navyo vichafu na nani atavinywea?"

Haikuwa na maana yoyote, lakini mtu akishapewa kikombe cha moto hawezi kufunga vifungo. Nikamimina polepole kuliko nilivyowahi kumimina kitu maishani. Nilipofika kwa mdogo wangu alikuwa ameshika mausi na hatazami mtu.

"Nimeuharibu," alinong'ona.

"Usiugeuze. Uache mlima. Kompyuta yako inaweza kututembeza sisi?"

"Kututembeza vipi?"

"Kwa miguu. Kama tunafuata maji."

Aliniangalia, halafu akaangalia kadi kupitia ule upande wa sanduku tuliouacha wazi, kama anaiuliza. Akaanza kubonyeza. Alishusha jicho la picha kutoka mbinguni, akaliweka kwenye banio jipya, kwa urefu wa mtu aliyesimama, Kibo mgongoni. Kioo kikabadilika. Haukuwa tena mlima wa kutazamwa. Kushoto ulikuwa ukingo, kulia bonde, na mbele ya miguu yetu mstari wa bluu.

"Meku," alisema, "umekipa Kibo mgongo. Uko korongoni, kwenye banio. Twende?"

Mzee alikuwa na kikombe mdomoni. Akakiweka chini.

"Twende."

Tukaenda. Ile kadi, ambayo ningeweza kuitupa nje dakika kumi kabla, ilibeba kingo na mabonde na kuyapitisha pembeni yetu bila kukatika, na mstari wa bluu ukawa unashuka mbele, kidogo, kidogo, kila hatua chini ya ile ya nyuma. Kwenye ile mashine nyembamba tungepiga hatua moja na kungoja wiki. Mvua iligonga mabati. Nilikuwa nyuma yao na birika, na kwa muda sikuwa na uhakika tuko ndani ya ukumbi. Nilisikia baridi ya korongoni. Kisha nikatazama chini, nikaona buti za mzee wa mfongo. Zilikuwa zinatembea chini ya kiti, mguu mmoja, mguu wa pili, polepole, bila yeye kujua.

"Simama," alisema. "Rudi nyuma kidogo. Hapo."

Mdogo wangu akasimama.

"Hapo kwenye mkunjo. Hapo pana mchanga chini. Baba yangu alipitisha mfongo hapo, ukanywewa wote. Maji yalikuwa yanaingia upande huu, na upande ule hawaoni kitu. Umepima udongo?"

"Sikupima, meku. Nilipima urefu tu."

"Panda hatua kama thelathini. Kuna mwamba."

Mdogo wangu akavuta mstari wa bluu juu kidogo, na mlima wote ukajipanga upya papo hapo, mbele ya macho yao. Ukumbi ukatoa sauti ndogo, kama ya mtu aliyetuliwa mzigo.

"Bado unashuka?" mzee aliuliza.

"Tutembee tuone."

Wakarudi kwenye banio, wakatembea tena njia nzima. Safari hii wengine walisema: hapa kwa fulani, hapa kwa marehemu, hapa usikate yale masale, ndiyo mimea ya mpaka. Unashuka. Unashuka. Kilima kilipozungukwa na mteremko wa kwetu ukafunguka chini, mistari ya vihamba imelala kama nguo iliyoanikwa, hakuna aliyeuliza Kibo kiko wapi. Kilikuwa mahali pake, nyuma ya migongo yao.

"Unashuka," alisema mzee wa mfongo, na akanywa chai yake, ambayo lazima ilikuwa imepoa. "Jumanne. Kila nyumba mtu mmoja na jembe." Akamgeukia mdogo wangu. "Na wewe utatangulia. Hatuna mtu wa kubeba hicho kioo mpaka korongoni."

"Meku, ulisema mwanamke hakanyagi."

"Nilisema zamani."

Jumanne nilikwenda nao, nikiwa nimebeba chakula. Ukungu ulikuwa mzito, migomba inatokea mmoja mmoja na kurudi. Pale njia inapoacha vihamba na kuingia msituni nilisimama, kwa sababu hapo ndipo mama zetu walikuwa wanasimama, na miguu ina kumbukumbu zake. Mdogo wangu alikuwa ameshapita zamani, na buti zake za mpira na mfuko wa vijiti vya kuwekea alama. Wanaume wakapita, majembe begani. Mzee wa mfongo alikuwa wa mwisho, ameshika ncha ya kamba ya kupimia mteremko. Aliniangalia, akaliangalia sufuria.

"Mae, unangoja nini?"

"Nangoja mrudi kula."

"Kamba ina ncha mbili," alisema. "Moja iko kwa mdogo wako. Hii haina mtu."

Akanipa ncha ya kamba, akaingia ukunguni. Niliweka sufuria chini, nikaifuata ile njia ya majani yaliyolala mpaka sikuona tena mahali nilipoliacha. Kamba ilikuwa imelowa. Ilikwenda mbele yangu kama hatua tano, halafu ikaishia kwenye weupe. Sikuona mtu, sikuona mlima. Nilisikia jembe, nikasikia maji ya korongoni mbali, kisha kamba ikakaza mkononi mwangu, na sauti ya mdogo wangu ikatoka humo ndani.

"Dada, shuka kidogo."

Nikashuka hatua moja.

"Tena kidogo."

Nikashuka nyingine.